Upande wa Ndani

Mama aliishika ile kwilti kwenye pembe na kuigeuza kabla hata hajautazama vizuri upande wake wa mbele. "Tuone nyuma kwanza," akasema. "Mbele inadanganya watu. Nyuma haidanganyi."

Tukainama. Nyuma kulikuwa na kitambaa kimoja cheupe cha pamba, hakina kiraka wala ua, na juu yake ulipita mshono wa mkono uliotambaa kama mzabibu: jani, tawi, jani, tawi. Mama akaweka ukucha wa kidole gumba kando ya mshono, akahesabu kwa midomo. Kisha akaurudisha upande wa mbele, akahesabu tena mahali palepale. Idadi ilikuwa ileile.

Aliyewahi kushona kwa mkono anajua hilo si jambo dogo. Sindano ikizama upande wa juu, jicho linaiongoza. Ikitokea upande wa chini, inatokea gizani, na huko ndiko vishono huwa vifupi, vimepishana, vingine vimeruka kabisa. Hivi vilikuwa sawasawa kama punje za mchele zilizopangwa mstari na mtu asiye na haraka. "Huyu anaonaje huku chini?" Mama akauliza, akijiuliza mwenyewe zaidi ya kuniuliza mimi. Swali hilo tulitembea nalo siku nzima.

Huyu ninayemwita Mama ni fundi wa nguo kutoka Uvira. Anaishi katika mji wa Lancaster, Pennsylvania, mji ambao kwa miaka mingi umepokea wakimbizi wa mataifa mengi, Wakongo wakiwemo, na ukikaa kwenye kituo cha basi pale si ajabu kusikia Kiswahili. Mimi natokea Musoma na makazi yangu ni Philadelphia, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari. Kwa miezi tulikuwa tukiahidiana safari hii: Jumamosi moja nzima ya Oktoba, maduka ya vitambaa ya Waamishi, bila watoto, kila mmoja na pesa zake mkobani.

Mji tuliokwenda unaitwa Intercourse. Zamani uliitwa Cross Keys, ukabadilishwa jina mwaka 1814. Ni njia panda tu, maduka kiasi, na mara baada ya maduka yanaanza mashamba. Mahindi yalikuwa yamekauka yakisubiri kuvunwa, na katika maghala yenye mbao zilizofunguliwa kupitisha upepo majani ya tumbaku yalikuwa yananing'inia. Vigari vya farasi vya rangi ya kijivu vilipita kando ya barabara, kwato zikigonga lami, na magari yakisubiri nyuma yake kwa adabu.

Kwangu watu hawa, Waamishi, si wageni kabisa. Waamishi na Wamennonite wana mzizi mmoja: Wakristo wa Uswisi na Ujerumani ya kusini ambao katika karne ya 16 walikataa kubatiza watoto wachanga, wakateswa na kuuawa kwa ajili hiyo. Mwaka 1693 waligawanyika wao kwa wao, upande mmoja ukamfuata mzee wa kanisa aliyeitwa Jakob Ammann, na jina la Waamishi likatoka kwake. Karne iliyofuata wakavuka bahari kuja Pennsylvania. Na ni kutoka kaunti hii hii ya Lancaster ambako Wamennonite walituma wamisionari waliofika Shirati, kando ya Ziwa Viktoria, mwaka 1934. Kanisa la Mennonite Tanzania, lililotulea wengi wetu wa Mara, lilianzia hapo.

Bibi yangu alikuwa na blanketi la viraka lililotoka kwa wamisionari hao. Lilikuwa la vipande vya sufu, zito, limeshikizwa kwa mafundo ya uzi kila baada ya kiganja kimoja. Usiku wa mvua wajukuu tuliligombea. Sikujua wakati huo kwamba blanketi la mafundo ni mdogo wake kwilti. Kwilti, kwa asiyeijua, ina matabaka matatu: juu vipande vilivyoungwa, katikati pamba, chini bitana; na yote matatu hushikizwa kwa mishono inayopenya toka juu mpaka chini, maelfu kwa maelfu. Wazee wa Pwani walikuwa na neno mfarishi kwa kitu cha namna hii. Mafundo yanamalizika jioni moja. Mishono ya kwilti inaweza kula msimu mzima wa baridi.

Duka la kwanza, lenye ile kwilti iliyotushika, lilikuwa na wageni wengi. La pili ndilo wanamonunua Waamishi wenyewe, na hapo ndipo tulipokaa.

Hakuna muziki. Mwanga unashuka kutoka kwenye madirisha ya paani, mweupe na mtulivu, mwanga ambao fundi yeyote angeuomba kwa sababu rangi haibadiliki ukitoka na kitambaa nje. Majora yamesimama wima kwenye rafu, yamebanana, na karibu yote ni ya rangi moja: hakuna ua, hakuna nukta, hakuna mistari. Zambarau iliyoiva. Kijani cha chupa. Damu ya mzee. Bluu za namna saba au nane, ambazo mwanzoni nilidhani ni moja, mpaka nilipoziweka bega kwa bega. Na nyeusi, rafu nzima ya nyeusi, nyingine nzito, nyingine laini, nyingine yenye mng'aro kidogo, maana mtu aliyefiwa huvaa nyeusi kwa muda mrefu, na nyeusi ya kazini si nyeusi ya ibadani.

Sisi tumelelewa na kanga na vitenge, nguo zinazosema. Ukiingia duka la Kariakoo, kila jora linakuita. Hapa majora yananyamaza, na dakika za kwanza nilihisi nimeingia ghala ambalo mzigo haujashuka. Kisha macho yakaanza kuzoea, kama yanavyozoea chumba chenye giza. Ua likiondoka, unaanza kuona uzi wenyewe. Unaona kitambaa kinavyoanguka, kinavyokunjika, kinavyopokea mwanga kwenye mkunjo. Nilisimama mbele ya bluu zile muda mrefu kuliko nilivyowahi kusimama mbele ya kitenge chochote, na navipenda vitenge.

Nilitegemea kukuta pamba na sufu. Nilipoanza kupapasa nikakuta poliesta, jora baada ya jora. Waamishi hawafumi vitambaa vyao wala hawavitii rangi. Wananunua vya kiwandani kama sisi sote, na kwa magauni ya kila siku wengi wanapenda poliesta. Haikunjamani, haihitaji pasi, inakauka upesi kwenye kamba, inadumu. Nyumba isiyo na umeme wa gridi, yenye watoto saba au wanane, ina kila sababu ya kukwepa pasi. Wapo wageni wanaosikitika wakisikia hivyo, kana kwamba wamepunjwa. Mimi niliwapenda zaidi. Fundi anayechagua kitambaa kwa ajili ya mtu atakayekifua ni fundi anayeijua kazi yake.

Kwenye meza ya kukatia alikuwepo mama mmoja wa Kiamishi na binti yake wa miaka ishirini hivi, na mbele yao jora la bluu iliyokolea. Binti alitaja yadi, mwenye duka akaanza kupima, akapima, akaendelea kupima. Mama akanigusa kiwiko. "Hii ni unifomu ya arusi," akanong'ona. Alikuwa amepatia. Katika kaunti hii arusi za Waamishi hufanyika hasa vuli, baada ya mavuno, siku za Jumanne na Alhamisi, na bibi arusi hushona gauni lake na pengine magauni ya wasimamizi wake kwa kitambaa kimoja. Sisi tunaita sare, Wakongo wanaita unifomu, na hapa sijui wanaiitaje kwa Kijerumani chao cha Pennsylvania, lakini ule uso wa binti akitazama kitambaa kikifunguliwa hauhitaji mkalimani. Gauni lenyewe halina shela wala lasi. Baada ya arusi atalivaa kanisani. Aproni nyeupe na kitambaa cheupe cha mabegani alivyovaa siku hiyo huwekwa sandukuni, na kwa desturi ndivyo atakavyozikwa navyo.

Zamu yetu ilipofika nikapata nafasi ya kumtazama mkataji. Alikuwa msichana, gauni la kijani limefungwa kifuani kwa pini tupu, bila kifungo, pini zimelala mstari mmoja na vichwa vyake havionekani mpaka usogee. Ukingo wa meza ulikuwa na misumari midogo ya shaba kuonyesha yadi na robo zake, vichwa vimeng'arishwa na miaka ya vitambaa kupita juu yake. Alikuwa havuti kitambaa wakati wa kupima. Wauzaji wengi huvuta, na ukifika nyumbani yadi tatu zako zimekuwa mbili na kitu. Huyu alikilaza, akakipapasa kwa ubapa wa mkono mpaka kikatulia, ndipo akasoma kipimo.

Poliesta aliikata kwa mkasi uliofunguka nusu, akiusukuma tu bila kuufunga, na kitambaa kikaachana mbele yake kama maji mbele ya mtumbwi. Pamba hakuikata. Aliichanja kidogo ukingoni, akashika pande mbili, akaipasua kwa mkupuo mmoja. Mlio wake ulifika mlangoni. Mgeni angeweza kudhani ni ukali, lakini mafundi tunajua: pamba ikipasuliwa hufuata uzi wake yenyewe, na kipande kinachofuata uzi hakiendi mshazari. Mkasi unaweza kukosea, uzi hauna pa kukosea. Mtu anayekwenda kuunga vipande mia kadhaa, kila kimoja pembe kwa pembe na mwenzake, hawezi kuanza na kitambaa kilichopinda.

Mama hakununua mpaka alipolowanisha pembe ya leso yake kwa maji ya chupa na kuisugua kwenye jora la damu ya mzee kuona kama linachuja. Leso ikatoka safi. Msichana alisubiri na mikono yake imetulia mezani, hakukunja uso. Nadhani amewaona wengi wa namna hiyo. Mama akachukua yadi sita za hiyo na nne za kijani. Mimi nikachukua bluu mbili ambazo tofauti yake mume wangu mpaka leo haioni.

Chakula tulikula garini, viazi na kuku wa Mama. Wakati tunakula nilimweleza habari ya kwilti za zamani za huku, ambazo nimeziona kwenye makumbusho tu.

Waamishi hawakuja nazo kutoka Ulaya. Walijifunza kwa majirani zao wanaosema Kiingereza, na ilikuwa miaka ya mwisho ya karne ya 19 ndipo wanawake wao walipoanza kuzishona kwa wingi. Walichukua ufundi wa jirani wakaupitisha kwenye kanuni zao za kiasi, na kilichotoka hakikufanana na cha jirani. Za Lancaster zilishonwa kwa sufu nyembamba ya rangi moja moja, ileile ya magauni. Mtindo mmoja ni almasi kubwa katikati ya mraba, basi, na pindo pana kuizunguka. Mwingine ni milia mipana iliyosimama. Mwingine huitwa Jua na Kivuli: miraba midogo, mamia, iliyopangwa rangi kwa rangi ikitanuka kutoka katikati kama mawimbi ya jiwe lililotupwa bwawani. Ukizitazama kwa mbali unaona rangi tu, nyekundu ikiwaka kando ya zambarau. Sogea, na ule uwanja uliodhani ni mtupu umejaa manyoya, maua, vikapu na vichane vya zabibu, vyote vya mshono wa mkono kwa uzi mweusi juu ya kitambaa cheusi au cha zambarau. Kazi kubwa kuliko zote iliwekwa mahali ambapo haionekani mpaka mtu apige magoti.

Mwaka 1971 makumbusho ya Whitney huko New York yalitundika kwilti za Marekani ukutani kama picha za wachoraji, na baada ya hapo wanunuzi wa mjini wakaanza kupita mashambani wakizitafuta za Waamishi. Mwaka 2001 posta ya Marekani ikazitolea stempu. Nafurahi kwamba zilithaminiwa. Lakini ukutani huwezi kuzigeuza. Kila nilipozitazama kwenye makumbusho vidole vyangu viliwasha.

Mchana tukatoka mjini kwa barabara nyembamba, tukafuata kibao kilichoandikwa kwa mkono mwisho wa njia ya shamba: kwilti zinauzwa, Jumapili hatuuzi. Tulipokelewa na mama mtu mzima, kofia yake nyeupe nyembamba imefungwa chini ya kidevu, na mjukuu wake. Chumbani kulikuwa na kitanda kikubwa, na juu yake kwilti zimetandikwa moja juu ya nyingine, labda ishirini. Hazionyeshwi kwa kutundikwa. Bibi anasimama upande mmoja, mjukuu upande wa pili, wanashika ncha na kuikunja ya juu kuelekea miguuni, ya pili inaonekana. Wanakunja tena, ya tatu. Kama kufunua kurasa za kitabu kikubwa kimyakimya. Hakuna aliyesema hii ni nzuri kuliko ile. Bei ilikuwa kwenye kikaratasi kilichoshikizwa kwa pini, nyingi zaidi ya dola 1,000. Nilijaribu kuzigawanya kwa saa za kazi nikaona ni ujira mdogo mno, tena mno.

Lakini Mama hakuwa anatazama kitanda. Alikuwa anatazama dirishani, kwenye fremu ya mbao iliyobeba kwilti isiyokwisha, imewambwa kama ngozi ya ngoma.

Akaomba kuona, na bibi akaketi.

Sindano yake ilikuwa fupi kuliko urefu wa pingili ya kidole changu. Sindano ndefu hupinda, alieleza, na vishono hufuata. Kwenye kidole cha kati cha mkono wa kulia alivaa subana. Uzi ulikuwa na urefu wa shubiri mbili hivi, na mwishoni fundo dogo moja. Alizamisha sindano pembeni kidogo ya mstari, akaivuta, na fundo lilipofika kwenye kitambaa akalipa mvuto mfupi: tik! Likapenya kitambaa cha juu na kubaki ndani ya pamba. Tuliisikia. Ndiyo maana upande wa nyuma hatukuona fundo hata moja.

Kisha mkono wa kushoto ukaingia chini ya fremu, ukapotea.

Sindano aliisimamisha wima, akaisukuma kwa subana mpaka ikaacha kusonga. Kitu fulani kilikuwa kimeipokea huko chini. Papo hapo akailaza, ncha ikaibuka juu, akaisimamisha tena, ikazama, akailaza, ikaibuka. Mkono uliyumba kama mtu anayebembeleza mtoto, na kila kuyumba kulikuwa kishono kimoja. Vilipofika vinne juu ya sindano, akaivuta yote. Hakuwa anahesabu. Mama alihesabu: kumi kwa inchi moja. Nane ni kazi nzuri, kumi na mbili ni ya wachache.

Mama akauliza lile swali letu, nami nikalitafsiri: anaonaje huko chini? Bibi akautoa mkono wa kushoto, akautandaza mbele yetu. Ncha ya kidole cha shahada ilikuwa imekomaa, ngozi imekuwa ngumu na yenye vidoa vidogo vidogo, vya zamani na vya wiki hii. Hakuna anayeona. Kidole ndicho kinachosikia. Sindano ikigusa ngozi tu, kabla ya kuchoma, kidole kinaisukuma irudi juu; kikichelewa, kinachomwa; kikiwahi, kishono cha nyuma hakipo. Kila kimoja cha vile vishono vya nyuma tulivyovistaajabia asubuhi kilikuwa kimepita kwenye kidole cha mtu.

Akamwambia Mama aweke mkono wake chini ya fremu, kando ya wake. Mama akauweka. Wakakaa hivyo kwa mistari miwili, wanawake wawili wasio na lugha moja, wakisikiliza kwa vidole.

Tulikaa karibu saa nzima. Tulijifunza kwamba kwilti moja mara nyingi ni kazi ya watu kadhaa: mmoja anachagua rangi, mwingine anaunga vipande kwa cherehani, ambayo katika nyumba hizi ni ya kukanyaga au ya kuendeshwa kwa betri au hewa iliyobanwa, mwingine anachora mistari kwa penseli, mwingine anashona kwa mkono. Tena si Waamishi peke yao. Tangu miaka ya 1980 wanawake wa Kihmong, waliokuja Marekani kama wakimbizi wa vita vya Laos wakiwa na ufundi wao mkubwa wa sindano, wamekuwa miongoni mwa washonaji wa kwilti zinazouzwa katika kaunti hii. Wapo wanaolitaja hilo kama doa. Mimi sioni doa. Waamishi nao waliupokea ufundi huu kutoka kwa jirani.

Niliuliza pia kuhusu ile hadithi inayosimuliwa sana, kwamba mshonaji wa Kiamishi huweka kosa moja la makusudi kwa sababu mkamilifu ni Mungu peke yake. Bibi akatabasamu, akanionyesha pembe ya kwilti iliyokuwa mbele yake ambapo mistari miwili ilikuwa imekosana kwa upana wa uzi. Hakuwa ameipanga, alisema. Angeifumua Jumatatu.

Tulipoinuka kuaga, bibi alimtazama Mama, gauni lake la kitenge alilolishona mwenyewe, mikono mipana, shingo ya mraba. Nilidhani anatazama maua. Akaniomba nimuulize Mama kama anaweza kulishika. Mama akanyoosha mkono.

Bibi akaliacha ua. Akashika pindo la mkono wa gauni, akaligeuza ndani nje, akalisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Huko Mama hushona kwa mkono, hata kama gauni zima limepita kwenye cherehani. Bibi akavaa miwani yake vizuri, akaweka ukucha wa kidole gumba kando ya mshono, na midomo yake ikaanza kwenda taratibu. Kisha akasema neno kwa lugha yao, na mjukuu akaacha kukunja kwilti, akaja kutazama.